Mwezi Wenye Nyota Kati ya Pembe Zake: Namna ya Kuhakiki Vitabu vya Picha na Katuni Kuhusu Mfumo wa Jua

Swali

“Nimeombwa kuandika uhakiki mmoja wa vitabu vitano vya watoto na vijana vinavyohusu mfumo wa jua. Viwili ni vya picha kwa watoto wadogo, kimoja ni ensaiklopidia yenye michoro mikubwa, na viwili ni hadithi za katuni. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Sayansi niliiacha sekondari. Katika kitabu kimoja kuna mwezi mwembamba wenye nyota inayong’aa katikati ya pembe zake. Katika kingine sayari zimepangwa karibu karibu kama shanga kwenye uzi. Katika katuni moja chombo kinalipuka angani kwa mlio mkubwa wa BUUM. Vitabu viwili vinasema sayari ni tisa, vitatu vinasema ni nane, na hata majina ya sayari hayapatani. Naogopa kukisifu kitabu kinachopotosha, na naogopa vilevile kukiangusha kitabu kizuri kwa kosa dogo. Je, mtu kama mimi ana haki ya kuvihakiki? Na nikivihakiki, nianzie wapi?”

Jibu

Unauliza mambo mawili kwa pamoja: kama unastahili kuifanya kazi hii, na jinsi ya kulitenga kosa linalomdhuru msomaji na kosa linaloweza kusamehewa. La kwanza nalijibu upesi, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo. Mwalimu wa fasihi amezoea kuuliza sentensi inasema nini, inanyamazia nini, na inamfanya msomaji aamini nini bila kumwambia waziwazi. Mchoro wa kisayansi unataka maswali hayo hayo. Maarifa ya astronomia yanayohitajika kwa vitabu vya umri huu si mengi, na sehemu kubwa nitakupa hapa hapa. Jicho la kusoma, ambalo wengi wetu tuliosomea sayansi hatukufundishwa kulitumia kwenye picha, tayari unalo.

La pili ndilo lenye uzito. Wahakiki wengi wa vitabu vya sayansi hufanya kazi kama wasahihishaji wa mtihani: huhesabu makosa, huyatoa kwenye alama mia, kisha hutangaza mshindi. Njia hiyo haifai kwa sababu makosa hayalingani. Mchoro mmoja unaweza kuwa na kasoro tano ambazo hazimwachii mtoto wazo lolote baya, na mwingine ukawa sahihi karibu katika kila mstari lakini ukampandia dhana moja itakayomfuata mpaka chuo kikuu. Mbele ya kila ukurasa jiulize hivi: mtoto akikifunga kitabu sasa, atakuwa anaamini kwamba jambo hili hutokea kwa namna gani?

Chukua zile sayari zilizopangwa kama shanga, na uchukue rula. Tuseme mchoraji ameamua kuichora Dunia kwa upana wa sentimita 1. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742 na cha Mwezi ni kilomita 3,474, kwa hiyo Mwezi utakuwa na upana wa milimita 2.7 hivi, na utatakiwa kukaa sentimita 30 kutoka kwenye Dunia, yaani pengine nje kabisa ya ukurasa. Jua litakuwa na upana unaozidi mita 1 kidogo, na litasimama umbali wa mita 117. Neptuni, ambayo umbali wake kutoka kwenye Jua ni mara 30 ya umbali wetu, itakuwa kilomita 3 na nusu kutoka kwenye Jua hilo la mita moja. Hakuna kitabu kinachoweza kulibeba jambo hilo. Kila mchoraji wa mfumo wa jua analazimika kuchagua: aonyeshe ukubwa wa sayari na kuukunja umbali, au aonyeshe umbali na kuzigeuza sayari kuwa nukta zisizoonekana. Kwa hiyo mpangilio wa shanga peke yake si kosa. Ni uchaguzi, na kosa huja pale kitabu kinapouficha uchaguzi huo. Sentensi moja fupi chini ya mchoro, kwamba sayari zimesogezwa ili zienee kwenye ukurasa, inatosha kumlinda msomaji. Itafute sentensi hiyo katika kila kitabu chako. Ikiwapo isifu, na isipokuwapo sema kwamba haipo.

Hapa ndipo katuni, ambazo watu wazima wengi huzidharau, zinapoweza kukishinda kitabu kikubwa cha michoro. Ukurasa mmoja mkubwa unaonyesha mahali. Mfuatano wa fremu unaonyesha muda. Nuru ya Jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20, na huifikia Neptuni baada ya saa 4 na dakika chache. Chombo cha Voyager 2 kiliondoka Duniani Agosti 1977 na kilipita karibu na Neptuni Agosti 1989, miaka 12 kamili njiani. Mchoraji wa katuni anayejua kazi yake anaweza kuchora fremu nne nyeusi tupu, kila moja ikiwa na mwaka wake pembeni, na mhusika anayezeeka kidogo kidogo katika chumba cha kuongozea chombo. Msomaji akizigeuza kurasa hizo anauonja umbali kwa njia ambayo tarakimu haziwezi kuutoa. Ukikuta kitu cha namna hiyo, kieleze kwa kirefu, fremu kwa fremu, kwa maana hapo sanaa na sayansi zimekuwa kitu kimoja.

Sasa nikuonyeshe mchoro ambao huenda uliupita bila kushtuka, na ambao mimi huuogopa kuliko yote uliyoyataja. Ni mchoro wa Dunia ikilizunguka Jua, unaochorwa kwa kutazamwa kutoka ubavuni, hata njia ya Dunia ikaonekana kama yai refu. Nia ya mchoraji ni njema, kwani anataka kuonyesha kina. Lakini mtoto anaona kwamba Dunia huwa karibu sana na Jua katika ncha fulani na mbali sana katika ncha nyingine, na anahitimisha mwenyewe kwamba joto la kiangazi linatokana na ukaribu huo. Ukweli ni kwamba njia ya Dunia ni duaradufu inayokaribia mno kuwa duara. Ukiichora kwa nusukipenyo cha sentimita 10, tofauti kati ya urefu na upana wake itakuwa sehemu ndogo sana ya milimita, chini ya unene wa mstari wa penseli. Kinachoweza kuonekana ni Jua kukaa pembeni ya kitovu kwa milimita 1.7 hivi. Tena Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147, wakati kizio cha kaskazini, yaani nusu ya Dunia iliyo kaskazini mwa ikweta, kiko katikati ya kipupwe. Mwezi Julai huwa mbali zaidi, kilomita milioni 152. Kinachobadili majira ni mhimili wa Dunia ulioinama kwa nyuzi 23.4, unaokifanya kizio kimoja kipate miale ya Jua iliyonyooka zaidi na mchana mrefu zaidi kwa miezi kadhaa, kisha kizio cha pili kichukue zamu yake. Maneno ya ukurasa huo yanaweza kuutaja mhimili kwa usahihi kabisa, na bado picha ikayashinda. Kwa hiyo nakuomba uwe na mazoea ya kuusoma ukurasa mara mbili: kwanza ukiwa umeyafunika maneno kwa karatasi, kisha ukiwa umeifunika picha. Visomo viwili vikikupa majibu mawili tofauti, umepata jambo la kuandika.

Nyota yako iliyo katikati ya pembe za mwezi inahitaji hukumu ya namna mbili. Upande wa giza wa mwezi mchanga haukukatwa wala haukutoboka. Ni mwili wa Mwezi ule ule, ambao haujaangazwa na Jua. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama unaweza kuuona kwa macho yako ukiwa na mng’ao hafifu wa kijivu, kwa sababu nuru inayorudishwa na Dunia inaumulika. Nyota iliyochorwa mahali hapo, kwa hiyo, ingebidi iwe mbele ya Mwezi, karibu nasi kuliko Mwezi wenyewe. Ikiwa picha hiyo imo katika ukurasa unaoeleza awamu za mwezi, ni kosa la kweli na ulitaje. Ikiwa imo kwenye pazia la dirisha la mtoto anayelala katika hadithi, ni pambo, na kulikemea pambo ni kumchosha msomaji wako bure.

Usiishie kwenye nyota, hata hivyo. Ukurasa wa mwezi ndio unaofichua zaidi kama mwandishi anaijua mbingu au amenakili picha za wenzake. Hilali huonekana magharibi muda mfupi baada ya jua kutua na huzama mapema, kwa hiyo mwezi mwandamo uliochorwa utosini saa sita ya usiku hauwezekani. Karibu na ikweta hilali hulala chali kama mtumbwi, na mbali na ikweta husimama wima zaidi. Ukiona hilali wima katika hadithi inayotokea karibu na ikweta, huenda mchoraji alikuwa na mbingu ya kwingine kichwani. Na hasa tazama sababu inayotolewa. Mpaka leo viko vitabu vinavyosema, au vinavyochora, kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoumega mwezi kidogo kidogo. Sivyo. Nusu ya Mwezi huangazwa na Jua wakati wote, na sisi huiona nusu hiyo kutoka pande tofauti Mwezi unapotuzunguka katika mzunguko wa siku 29 na nusu. Kivuli cha Dunia huufikia Mwezi wakati wa kupatwa tu, tena ukiwa mpevu, na hilo halitokei kila mwezi kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi. Kitabu kinachokosea hapa kimekosea jambo la msingi, hata kama rangi zake zinapendeza.

BUUM ni suala jepesi zaidi, na wewe una uwezo wa kulihukumu kuliko mimi. Sauti haisafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, hilo ni kweli. Lakini tanakali za sauti katika katuni hazimwambii msomaji masikio yake yangesikia nini tu. Zinamwonyesha nguvu, ghafla na uzito wa tukio. Mimi sikati alama kwa ajili ya tanakali moja. Nakata pale kitabu kinapomfundisha msomaji ukurasa wa 12 kwamba angani hakuna mlio, kisha ukurasa wa 30 nahodha anaambiwa na mwenzake, “Umesikia mlipuko huo nje?” Na kuna uwezekano mzuri zaidi: fremu za ndani ya chombo, penye hewa, zijae herufi za milio, na fremu za nje zibaki bubu kabisa. Kama mojawapo ya katuni zako imefanya hivyo, usiache kulionyesha.

Uso uliochorwa kwenye Jua hauna madhara yoyote. Ndimi za moto zinazolizunguka zinaweza kuwa na madhara, zikiambatana na maneno yanayosema kwamba Jua linaungua kama kuni, kwa sababu ndani yake viini vya hidrojeni huungana kuwa heliamu, na hakuna kinachoungua. Rangi ya njano ni ya kusamehewa katika mandhari ya ardhini; katika mandhari ya angani Jua ni jeupe, na mchoraji aliyelifanya jeupe amefanya utafiti wake. Kuhusu ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, ule ambao mashujaa wa katuni hukwepa miamba kulia na kushoto, vyombo halisi vimeuvuka vingi bila kugonga kitu, kuanzia Pioneer 10 katika miaka ya 1972 na 1973. Sehemu kubwa ya ukanda huo ni utupu.

Sasa hesabu ya sayari. Tarehe 24 Agosti 2006, katika mkutano wake uliofanyika Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipitisha fasili mpya ya sayari, na Pluto, iliyokuwa ya tisa, ikawekwa katika kundi la sayari kibete, zikabaki sayari nane. Kitabu kilichotoka mwaka 1998 na kusema sayari ni tisa kilisema kilichokubaliwa wakati huo. Kitabu cha mwaka 2015 kinachosema hivyo hivyo kimezembea. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza kuusoma ni ule wa hakimiliki. Na ikiwa kitabu ni tafsiri, utafute mwaka wa toleo la asili, maana tafsiri mpya mara nyingi hubeba sayansi ya zamani ikiwa imevikwa jalada jipya. Jihadhari pia na idadi ya miezi ya sayari kubwa. Mwezi Machi 2025 miezi inayotambuliwa ya Zohali ilifikia 274, baada ya 128 kuongezwa kwa mkupuo mmoja. Kitabu kilichoandika idadi bila kutaja mwaka kimejizeesha chenyewe. Kilichoandika “kufikia mwaka fulani” kimemheshimu msomaji. Usidhani, hata hivyo, kwamba kipya ndicho sahihi siku zote: nimesoma vitabu vya zamani vinavyoeleza majira ya mwaka vizuri kuliko vingi vya sasa.

Majina yasiyopatana ni jambo ninalolijali sana, kwa sababu watoto wetu ndio wanaolipa gharama yake. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya sayari zinazoonekana kwa macho, yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko Utaridi ni sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ambayo wengine huiita Zebaki. Lakini utakutana na orodha zilizompa Pluto jina la Utaridi, na nyingine zilizotumia Sumbula, Sarateni na Kausi kwa sayari za mbali. Hayo matatu asili yake ni buruji, yaani makundi ya nyota: shuke, kaa na upinde. Mtoto aliyesoma vitabu vyako viwili kwa zamu anaweza kuamini kwamba Utaridi iko karibu kabisa na Jua na pia mbali kabisa nalo. Huhitaji kumhukumu mwandishi kwa ukali, kwani huenda alifuata orodha aliyofundishwa. Lakini waeleze wasomaji wako kila kitabu kinatumia jina gani kwa sayari ipi, ili mzazi anayenunua viwili asiwachanganye watoto.

Kuna jambo moja ambalo mchoraji hapaswi kulaumiwa, nalo ni Neptuni ya buluu iliyokolea. Picha zilizoletwa na Voyager 2 mwaka 1989 zilikolezwa ili mawingu yaonekane, na wanasayansi walilieleza hilo wakati huo. Maelezo yalipotea njiani, picha zikabaki. Uchambuzi ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na kutangazwa Januari 2024 ulionyesha kwamba Neptuni na Uranusi zinakaribiana kwa rangi, buluu hafifu yenye ukijani, Neptuni ikizidi kukolea kidogo tu. Vitabu karibu vyote vya kabla ya hapo vina ile buluu nzito. Litaje kwa upole, kama mfano wa jinsi picha inavyoweza kuishi muda mrefu kuliko maelezo yake.

Nikija kwenye mpangilio wa uhakiki wako, nakusihi usiandike aya moja kwa kila kitabu kama mtu anayeita majina darasani. Vitabu hivi vimeunganishwa na mada moja, basi mada hiyo iwe uzi. Ningechagua mambo mawili au matatu yaliyomo katika vyote vitano, kwa mfano awamu za mwezi, majira na umbali, kisha ningevifungua vyote mezani kwenye ukurasa wa jambo lile lile na kuandika kinachotofautiana. Msomaji ataona mwenyewe kitabu kipi kinaeleza, kipi kinapamba, na kipi kinaiga. Vya watoto wadogo vipime kwa yale vilivyojaribu kuyafanya. Kitabu cha mtoto wa miaka 4 kikisema kwamba mwezi hubadilika sura, hakilazimiki kueleza kwa nini, ilimradi kisitoe sababu ya uongo. Unapotaja kosa, taja pia uzito wake na jinsi mzazi anavyoweza kulirekebisha kwa sentensi moja wakati wa kusoma.

Kosa moja tu halina mjadala, nalo ni la usalama wa macho. Kama mhusika yeyote katika vitabu vyako anatazama Jua au kupatwa kwake kwa miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei, au darubini isiyo na kichujio mbele ya lenzi yake kubwa, liseme hilo mwanzoni mwa uhakiki, kabla ya sifa yoyote. Retina, sehemu ya ndani ya jicho inayopokea nuru, haina neva za maumivu, kwa hiyo mtoto anaweza kuungua bila kuhisi chochote. Miwani ya kutazamia kupatwa inapaswa kukidhi kiwango cha ISO 12312-2, na hata hiyo haifai kuvaliwa huku mtu akichungulia kwenye darubini. Mwandikie mchapishaji pia, usisubiri uhakiki utoke.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kukutatulia. Ukikuta mchoro unaopingana na maelezo yake na hujui kipi ni sahihi, au ensaiklopidia ikiwa na kurasa za muundo wa ndani wa sayari na michoro ya nguvu ya uvutano, tafuta mwalimu wa fizikia au mtaalamu wa astronomia katika chuo kilicho karibu nawe, ukae naye saa moja vitabu vikiwa mezani; kumsimulia mchoro kwa simu hakutoshi, lazima auone. Na kabla ya kuandika mstari wa mwisho, kaa pia na mtoto mmoja au wawili wa umri uliolengwa. Wasome ukurasa wa mwezi katika kitabu kimojawapo, ukifunge, kisha uwape karatasi na penseli na uwaombe wachore kwa nini mwezi huonekana mwembamba. Ukimwona mtoto anachora Dunia katikati, Mwezi upande mmoja, na kivuli kinachotoka kwenye Dunia kuufunika Mwezi, rudi kwenye ukurasa aliousoma uangalie mchoro uliompa wazo hilo, na uanzie hapo kuandika.